Simba wa Akagera na Ardhi ya Waliorudi

Tarehe 30 Juni 2015, simba saba walifika Rwanda wakitokea Afrika Kusini. Majike watano walitoka hifadhi ya Phinda na madume wawili walitoka Tembe, zote ziko jimbo la KwaZulu-Natal. Walichomwa sindano ya usingizi, wakaingizwa kwenye masanduku, wakasafirishwa kwa ndege mpaka Kigali, halafu kwa gari mpaka Hifadhi ya Akagera, kule mashariki mpakani na Tanzania. Shingoni walifungwa mikanda yenye kifaa cha setilaiti, ili ijulikane wako wapi usiku na mchana.

Kambini habari ya namna hiyo haipiti bila utani. Utasikia mtu anasema, "Simba kapanda ndege, mimi namba yangu bado haijaitwa." Mwingine anajibu, "Simba kapewa ardhi, tena na mlinzi juu." Tunacheka, tunaendelea kupanga ndoo bombani.

Lakini ukiifuata historia ya Akagera toka mwanzo, unaona utani huu umegusa penyewe. Simba wa zamani wa Akagera waliisha mikononi mwa wakimbizi waliokuwa wamerudi nyumbani. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Watu wale walirudi wakakuta ardhi yao ina watu wengine, serikali ikawapa ardhi ya wanyama. Kwa hiyo mjadala wa kurudisha simba, ambao wengi wanaudhani ni wa watalii na wataalamu wa wanyama, kwetu sisi ni mjadala wa ardhi: nani anarudi, anawekwa wapi, na nani anasogezwa ili yeye apate nafasi.

Nimeona niandike kwa sababu wengi wetu tunangoja kurudi siku moja, na wengine mnaosoma hapa kazi yenu ni kupanga kurudi huko.

Pori lililochorewa mipaka

Hifadhi ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934, wakati Wabelgiji wakitawala Ruanda-Urundi. Ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 2,500 hivi: nyanda za majani, vilima, maziwa na mabwawa ya mafunjo yanayofuata mto Akagera, ule ambao ng'ambo ya Tanzania tunauita Kagera. Kaskazini yake kulikuwa na eneo la Mutara lililotengwa kwa uwindaji. Simba walikuwepo, pamoja na chui, fisi, nyati, pundamilia na swala wa aina nyingi.

Katika nchi ndogo yenye watu wengi vile, pori kubwa namna hiyo lilibaki kwa msaada wa mbung'o. Mbung'o huua ng'ombe kwa nagana na huwapa watu malale, kwa hiyo wafugaji waliogopa kukaa sehemu nyingi za huko. Watawala walipochora mpaka wa hifadhi, hawakuchora mahali patupu. Palikuwa na watu waliochunga pembeni, waliovua ziwani, waliowinda, waliokata kuni. Kuanzia siku ile, mambo waliyoyafanya baba zao yakawa makosa.

Tuliweke akilini jambo hili, maana litajirudia: kwenye historia ya Akagera, kila aliyepewa ardhi aliambiwa kwamba ni tupu.

Bugesera, na tembo 26

Mwaka 1959 machafuko yalianza Rwanda, na watu wengi, hasa Watutsi, walikimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Wengine waliofukuzwa vijijini mwao hawakuvuka mpaka. Walipelekwa Bugesera, kusini mwa Kigali, sehemu za Nyamata, ambako wakati huo kulikuwa pori la mbung'o. Huko ndiko walikoambiwa waanze upya. Walifyeka, wakalima, wakaugua, wakazika, wakabaki.

Watu wakazidi kuongezeka Bugesera, mashamba yakapanuka, na tembo wakawa tatizo. Mwaka 1975 uamuzi ukatolewa kwamba tembo watoke. Wakubwa waliuawa. Wadogo 26 walihamishiwa Akagera, na wengi wa tembo walioko Akagera leo ni uzao wao. Mmoja wao, dume aliyeitwa Mutware, alikuwa maarufu kwa kugonga magari ya watalii, akafa mwaka 2018.

Huo ndio mfano wa kwanza wa jambo tunalolizungumza. Watu wanafukuzwa, wanatupwa porini. Pori linakuwa kijiji, mnyama wa pori anasukumwa pori lingine. Akagera ikawa ghala la kila kilichokosa nafasi kwingine.

Walioishi Nakivale kabla yetu

Wale waliokimbilia Uganda, wengi waliwekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya kusini magharibi. Nakivale ni mojawapo, na imepokea wakimbizi tangu karibu mwaka 1960. Mnaosoma haya mkiwa Nakivale, fahamuni kwamba pale mnapolima mahindi, kabla yenu walikaa Wanyarwanda waliongoja miaka zaidi ya 30.

Wengi wao walikuwa wafugaji. Walikaa jirani na wafugaji wa Ankole, kwenye nyanda za ziwa Mburo, ambalo na ziwa Nakivale ni bonde moja la maji. Mwaka 1982 watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa kwenye mashamba yao magharibi mwa Uganda, nyumba zikabomolewa, ng'ombe wakanyang'anywa. Maelfu walisukumwa kwenye makambi au mpakani. Mwaka uliofuata, 1983, serikali ikatangaza Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, na wafugaji waliokuwa ndani wakatolewa bila kuandaliwa pa kwenda.

Mwaka 1985 serikali ile ilipoanguka, waliotolewa walirudi kwa hasira. Waliwaua wanyama kwa makusudi, na hoja yao ilikuwa rahisi: wanyama wakiisha, hifadhi itakuwa ya kazi gani? Serikali mpya ilipoingia mwaka 1986 ilikubali kukata hifadhi na kuwarudishia watu sehemu kubwa. Leo Mburo ina pundamilia, swala, nyati, chui na fisi, lakini kundi la simba halipo. Simba wa Mburo walimalizwa na wenye ng'ombe.

Wakimbizi wa Nakivale na Oruchinga waliyaona hayo yote kwa karibu. Walijifunza kwamba hifadhi ni kitu kinachoweza kukufukuza usiku mmoja, na kwamba mkataba wa mfugaji na simba una kifungu kimoja tu: yeye au mimi. Waliporudi Rwanda, walirudi na somo hilo.

Kifungu kilichoandikwa Arusha

Vita vya Rwanda vilianza tarehe 1 Oktoba 1990 huko Kagitumba, pembe ya kaskazini mashariki, jirani kabisa na Akagera. Eneo la hifadhi na Mutara likawa uwanja wa mapigano. Kazi ya ulinzi wa wanyama ikavurugika, na watu wenye bunduki wanahitaji nyama.

Mazungumzo ya amani yalifanyika Arusha. Mwezi Juni 1993 ilisainiwa itifaki ya kurudi kwa wakimbizi. Itifaki ile ilikiri kwamba kila mkimbizi ana haki ya kurudi na haki ya mali yake. Lakini ikaongeza kwamba, kwa ajili ya maelewano ya taifa, aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai shamba au nyumba ambayo mtu mwingine amekwisha kuikalia. Badala yake serikali itamtafutia ardhi nyingine na kumsaidia kuanza maisha.

Tusome polepole hapo. Aliyekimbia mwaka 1959 au 1963 alirudi mwaka 1994. Miaka 10 ilimpita mara tatu. Shamba la baba yake analiona kwa macho, mgomba aliouacha bibi bado upo, ila si lake tena. Atapewa kwingine.

Kwa upande mmoja kifungu kile kilikuwa na busara. Fikiria kila kilima mtu anamtoa mwenzake kwa nguvu, tena katika nchi iliyotoka tu kwenye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Damu ingemwagika tena. Kwa upande mwingine, ahadi ya "ardhi nyingine" ilihitaji ardhi yenyewe. Inakadiriwa zaidi ya watu laki 7 wa ule ukimbizi wa zamani waliingia Rwanda baada ya Julai 1994, wengi kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania. Waliotoka Uganda na Tanzania walivuka na ng'ombe wao, makundi kwa makundi. Ng'ombe hawangoji kamati. Siku wanayofika wanataka majani na maji.

Majani na maji yalikuwa Mutara na Akagera. Watu waliingia kwanza, ruhusa ikaja baadaye. Mwaka 1997 mipaka ilichorwa upya rasmi. Hifadhi iliyokuwa na kilomita za mraba 2,500 hivi ikabaki na 1,100 na kidogo. Zaidi ya nusu iligeuka vijiji, malisho na mashamba ya wilaya ambazo leo ni Nyagatare, Gatsibo na Kayonza.

Namna simba wanavyoisha

Mtu akikuambia "simba waliuawa na wafugaji", usipate picha ya vijana wenye mikuki. Inakwenda kimya kuliko hapo. Simba akiua ng'ombe usiku, hammalizi. Anakula, anashiba, anaacha, usiku wa pili anarudi na wenzake. Mchana katikati ya siku hizo mbili mwenye ng'ombe anaukuta mzoga. Anachukua sumu, hata ile ya kuua wadudu inayouzwa dukani, anaipaka kwenye nyama. Usiku simba wanarudi kula. Asubuhi kundi zima limelala, na pamoja nao fisi na tumbusi waliokuja kuonja.

Kwa mwenye ng'ombe hesabu iko wazi. Huyu ni mtu aliyetoka ukimbizini na ng'ombe wanane. Maziwa ndiyo chakula cha watoto, ndama ndiyo ada ya shule, mtamba ndiyo mahari. Jike moja likiliwa, hakuna ofisi atakakokwenda kudai. Sheria ya Rwanda ya kulipa fidia kwa madhara ya wanyamapori ilikuja mwaka 2011, na kufikia hapo simba walikwisha zamani. Mwaka 1996 au 1998 yeye alikuwa na njia moja tu mkononi, akaitumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Akagera haikuwa na simba tena. Faru weusi nao walipungua mpaka, baada ya mwaka 2007, hakuna aliyeonekana. Chui na fisi walibaki, kwa sababu wanajua kujificha. Hifadhi yenyewe, ile nusu iliyobaki, ilikuwa ikiingiliwa na ng'ombe na wawindaji kila siku, na wanyama nao walitoka na kula mazao. Wakulima walilia, askari wa wanyamapori walilia. Hakuna aliyekuwa akifaidi.

Uzio kwanza, simba baadaye

Mwaka 2010 serikali ya Rwanda, kupitia bodi yake ya maendeleo, RDB, iliingia mkataba na shirika la African Parks kuiendesha Akagera kwa pamoja. Kabla ya kuzungumza simba, walijenga uzio wa umeme wa jua wa kilomita kama 120 upande wa magharibi, ule unaopakana na vijiji. Ulikamilika mwaka 2013. Upande wa mashariki kuna maziwa, mabwawa na mto wenyewe.

Baada ya miaka miwili ndipo simba saba wakaja. Kwa nini wa Afrika Kusini, wakati Tanzania iko ng'ambo ya mto na simba tele? Kwa sababu kule Afrika Kusini kuna hifadhi nyingi ndogo zilizozungushiwa uzio, simba wakizaliana hawana pa kwenda, na wenye hifadhi wanatafuta pa kuwapeleka. Mwaka 2017 yaliongezwa madume mawili ili damu isiwe ya ukoo mmoja. Mwaka huohuo wakaletwa faru weusi 18 kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2021 faru weupe 30. Simba walizaana haraka, miaka michache tu wakapita 40.

Waliotetea mpango huu walikuwa na hoja za maana. Ya kwanza, simba ana kazi yake porini. Bila yeye swala na nyati huzidi, majani huisha, na wanaokufa ni wengi kuliko ambao angewala. Ya pili ni fedha. Mtalii anataka kuona simba, na mtalii akija kuna ajira ya kuongoza, kupika, kulinda, kuuza asali na samaki. Mwaka 2019 Akagera ilipokea wageni karibu elfu 50, na karibu nusu yao walikuwa Wanyarwanda wenyewe. Toka mwaka 2005 Rwanda hutenga sehemu ya mapato ya hifadhi kwa ajili ya jamii zinazopakana nazo. Ilikuwa asilimia 5, mwaka 2017 ikapandishwa kuwa 10. Hoja ya tatu haina bei: hii ni nchi iliyopoteza mengi, na kurudisha kilichopotea ni aina ya kupona.

Wenye mashaka nao wana yao, na yasidharauliwe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayesifu ngurumo ya simba mara nyingi analala nyumba ya matofali mjini, na anayeisikia kwa karibu ana zizi la miti. Fedha za mgao hujenga shule au zahanati ya kijiji, na hilo ni jema, lakini shule haikamuliwi maziwa. Aliyepoteza ng'ombe anataka ng'ombe. Fidia ikiwepo kwenye sheria, bado kuna fomu, picha, shahidi, safari ya ofisini na kungoja. Sisi watu wa foleni tunalifahamu hilo bila kufundishwa.

Nchi jirani zimejibu swali hilo kila moja kwa namna yake. Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2011, haisemi "fidia" kabisa. Inasema "kifuta jasho" kwa aliyeliwa mazao au mifugo, na "kifuta machozi" kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Maneno yamechaguliwa kwa uangalifu: serikali inakupa pole, haikubali kwamba ina deni lako. Uganda iliweka mpango wa fidia kwenye sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2019. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2018, simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu Hamukungu, kijiji kilichoko ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Wanane walikuwa watoto. Ni ile hesabu ya Akagera ya miaka ya tisini, imefanywa upya mahali pengine.

Na Mburo je? Mwaka uleule wa 2015 ambao Rwanda ilipokea simba, Uganda ilipeleka Mburo twiga 15 kutoka Murchison Falls. Twiga walipokelewa vizuri. Twiga hali ndama. Linapotajwa suala la simba, majirani wa hifadhi wanakumbuka mwaka 1983, na mazungumzo yanakuwa magumu hapohapo. Hawakatai kwa ujinga. Mburo haina uzio kama wa Akagera, pundamilia wanatoka na kulisha kwenye mashamba ya watu kila siku, na simba atafuata pundamilia. Mtu aliyewahi kutolewa kwa ajili ya mnyama ana haki ya kuuliza: huyu mnayemleta, akitoka, atakayeondolewa ni yeye au mimi?

Arusha mbili

Warundi mnaosoma hapa pengine mnasema, hayo ni ya Rwanda. Lakini na ninyi mna Arusha yenu.

Mkataba wa Arusha wa Burundi ulisainiwa Agosti 2000. Kuhusu ardhi ulikwenda njia nyingine kabisa. Ulisema mkimbizi lazima aweze kupata mali yake, hasa ardhi yake, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Haukuweka kikomo cha miaka 10. Aliyekimbia mwaka 1972 aliporudi alikuwa na haki ya kudai shamba lilelile. Mwaka 2006 iliundwa tume, CNTB, kushughulikia madai hayo. Mnajua yaliyofuata: kesi maelfu, jirani na jirani wanatazamana, mtu aliyenunua shamba kwa fedha halali anaambiwa atoke, na aliyenyang'anywa anaambiwa agawane.

Ziweke Arusha hizi mbili pamoja. Ya 1993 ilisema, aliyepo abaki, anayerudi apewe kwingine. Gharama ikamwangukia anayerudi, aliyekosa cha baba yake, kisha ikamwangukia simba. Ya 2000 ilisema, anayerudi apewe chake. Gharama ikamwangukia aliyekuwepo. Njia ambayo haikuwa na gharama haikuwepo, na aliyesema ipo hakuwa mkweli. Simba wa Akagera walilipa deni la kibinadamu lililoanza mwaka 1959. Hawakuwa na mwakilishi mezani, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuwalipisha.

Na wanyama hulipishwa pia na sisi tunapokimbia, kabla hata ya kurudi. Mwisho wa Aprili 1994, watu karibu laki 2 na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa saa 24 hivi. Watu wengi hivyo wanahitaji kuni na nyama. Mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo, jirani na makambi yale, yaliwindwa na kukatwa vibaya. Ni nani atamlaumu mama aliyeingia porini kutafuta kuni za kuchemshia maharage ya msaada? Maharage yalikuja, kuni hazikuja. Mwaka 2019 mapori hayo, pamoja na la Kimisi, yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Simba alipewa nini

Sasa turudi kwenye utani wetu wa bombani. Simba wa mwaka 2015 alipewa nini hasa, mpaka kurudi kwake kukafaulu?

Kwanza, mahali pake palitayarishwa kabla hajapanda ndege. Uzio ulitangulia miaka miwili. Pili, majirani walielezwa anakuja nani, na sheria ya fidia ilikuwa imeshapitishwa. Tatu, hakuachiwa mara moja. Alikaa kwanza kwenye boma ndani ya hifadhi, akatazamwa afya, akazoea. Nne, baada ya kuachiwa alifuatiliwa. Akikaribia uzio ilijulikana. Akiumwa ilijulikana. Wenzake walipohitaji damu mpya, mwaka 2017 ilitafutwa. Hakuna aliyesema, "Tumekufikisha, sasa ni juu yako."

Mtu anayerudi kutoka kambini mara nyingi anapewa usafiri, vifaa vya nyumbani na chakula au fedha za miezi michache. Jina lake linafutwa kwenye daftari la kambi, na kwa anayehesabu, kazi imekwisha. Sisemi hivi kwa sababu namwonea simba wivu. Nasema kwa sababu imeonekana kwamba kurudi kunaweza kupangwa vizuri. Watu wamejua kufanya hivyo, kwa viumbe wanaokula ng'ombe za watu, katikati ya vijiji vyenye watu wengi. Ujuzi upo.

Pia sisemi simba wasingerudishwa. Mimi nafurahi wako. Watoto waliozaliwa Nyagatare baada ya 1997 ni wajukuu wa wakimbizi, wamezaliwa juu ya ardhi iliyokuwa ya simba, na leo wanapelekwa na shule zao kumwona simba ng'ambo ya uzio. Pande zote mbili zimepata mahali. Imechukua miaka 20, uzio mrefu na fedha nyingi, na mnyama aliyekuwepo mwanzo hakuishi kuuona mwisho wake.

Ninachoomba ni swali moja tu tulibebe. Siku ya ziara ya kwenda kuangalia nyumbani, wale wachache mtakaochaguliwa kutuwakilisha mtaonyeshwa mahali. Mtaambiwa pana rutuba, maji yako karibu, serikali imetenga. Kabla ya kuuliza mabati mangapi na zahanati iko wapi, ulizeni: hapa palikuwa pa nani, naye amekwenda wapi? Kama ni mtu, mtafuteni mzungumze naye mapema. Kama ni mnyama, ulizeni uzio uko wapi, na ndama wa kwanza akiliwa, atakayelipa ni nani na ofisi yake iko wapi.

Ninyi wa mashirika mnaosimama nao pale mkiwa na karatasi, lijibuni swali hilo kwenye karatasi, kwa jina la ofisi na tarehe. Wale wa mwaka 1994 hawakupata wa kuwajibu. Walijibiwa na simba usiku, nao wakamjibu simba kwa sumu.